Kuyafuata Maji ya Shimba

Mto Mkurumudzi unaikata barabara kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga karibu na Gazi, na abiria wengi wa matatu hupita juu yake bila kugeuza shingo. Wakati wa kiangazi maji huwa haba. Masika yakishapiga, mto huja na rangi ya udongo mwekundu, ukabeba matawi na magogo hadi kwenye mikoko ya Ghuba ya Gazi. Mimi ni mtu wa Msambweni. Mto huu nimeujua tangu utotoni, na tangu utotoni wazee wakituambia kwamba maji yake yanatoka mlimani. Mlima wenyewe haukufichika: ukipata mahali palipo wazi ukatazama upande wa kaskazini-magharibi, unauona umelala kijani kwenye upeo wa macho, na asubuhi za kusi umejifunika ukungu. Lakini kwenda huko tulikuhesabu kuwa shughuli ya wageni. Watalii wa hoteli za Diani walipakiwa kwenye magari ya paa la kufunguka, wakaenda kutazama ndovu, wakarudi jioni. Sisi wa chini tuliishi kwa mvua za mlima na mito ya mlima, na mlima hatukuujua.

Agosti iliyopita niliamua kuyafuata maji hayo hadi juu. Nia yangu ilikuwa kufika kwa miguu, kwa njia ya msituni, kwenye maporomoko ya Sheldrick yaliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills, kisha nishuke polepole hadi baharini nikiangalia kinachoyapata maji njiani. Nilifuatana na mpwa wangu aliye kidato cha tatu, na rafiki yangu wa siku nyingi anayefundisha shule ya msingi pale Ukunda. Sote humwita Mwalimu, hata mama yake mzazi humwita hivyo.

Tuliondoka Ukunda baada ya sala ya alfajiri. Kwenye njia panda ya Kombani tulishuka kubadilisha gari, na kwa kuwa matatu ya Kwale ilikuwa bado inangojea kujaa, tulikaa kwenye benchi la mama mmoja aliyekuwa akiepua mahamri. Alitupakulia na mbaazi za nazi. Alipojua tunakoelekea alishangaa kidogo.

"Mwenda kutembea tu? Hamna kazi huko?"

"Kutembea tu, mama. Twataka kuyaona maporomoko."

"Mie nimezaliwa hapa Kombani, wanangu, na huko sijaingia," akasema, akaongeza mbaazi kwenye sahani ya mpwa wangu. "Haya, mkirudi mnieleze."

Neno lake lilibaki na mimi siku nzima. Kombani iko chini ya mlima kabisa.

Kutoka hapo barabara inapanda. Minazi inaanza kupungua, miembe mikubwa inachukua nafasi yake, kisha michungwa na mikorosho ya watu kando ya nyumba. Ukitazama nyuma kwenye kona za juu unaiona bahari yote, kuanzia upande wa Tiwi, na ule mstari mweupe wa mawimbi yanapovunjika kwenye mwamba. Mjini Kwale hewa ni nyingine. Watu walikuwa wamevaa masweta, na kwa sisi tuliotoka chini kwenye joto la chumvi, ule ubaridi ulikuwa kama kunawishwa uso. Uwanda wa juu wa Shimba unafika takriban mita 450 kutoka usawa wa bahari, na urefu huo mdogo ndio unaofanya kazi yote. Upepo wa bahari ukivuma kuelekea bara hukutana na kilima, hupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu na mvua. Upande unaotazama bahari hulowa. Nyuma ya mlima, Kinango, mvua ni chache na ardhi ni kavu, na akina mama hutembea mwendo mrefu na mitungi kutafuta maji. Ni pande zilizopakana, na sehemu nyingine unaweza kusimama mahali pamoja ukaziona zote mbili.

Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kutembea kwa miguu ovyo, kwa hiyo tulikodi gari lililoinuka pamoja na dereva wake pale Kwale. Hili ni jambo la kupangwa mapema. Langoni hawapokei fedha mkononi, ada hulipwa kwa mtandao wa serikali kupitia simu, na mwananchi huonyesha kitambulisho. Mpwa wangu alionyesha kadi ya shule.

Msitu huu ulianza kulindwa kisheria mwaka 1903, na mwaka 1968 sehemu yake kubwa ikatangazwa kuwa hifadhi ya wanyamapori. Leo unasimamiwa kwa pamoja na Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, na Shirika la Misitu. Nilikuwa nimeufikiria kuwa msitu mmoja mzito, kumbe ni vipande vipande: unatoka kwenye giza la miti mirefu, unaingia kwenye uwanda wa majani yanayofika magotini, kisha msitu tena. Kuna mivule, mibambakofi na mirihi. Kuna ile mimea ya kale inayofanana na minazi mifupi, jamii ya saikadi, ambayo ilikuwapo duniani kabla ya ua la kwanza kuchanua. Kati ya mimea 159 inayohesabiwa kuwa adimu nchini Kenya, zaidi ya nusu inapatikana hapa. Nataka msomaji wa Kwale aisome sentensi hiyo mara mbili. Tumezoea kuambiwa kwamba mali ya Kenya iko Maasai Mara na mlima Kenya, na kwamba yetu sisi ni mchanga mweupe.

Dereva alisimamisha gari ghafla kwenye ukingo wa uwanda mmoja, akazima injini. Mbali kidogo, karibu na mstari wa miti, walikuwa palahala. Dume lilikuwa jeusi la kung'aa, tumbo jeupe, pembe zimepinda kurudi nyuma hadi karibu na mabega. Majike yalikuwa ya kahawia, matano au sita, yakila bila haraka. Hakuna mahali pengine Kenya nzima ambapo palahala wanaishi porini. Tanzania na kusini zaidi wapo wengi, lakini kwetu ni hapa tu, na sensa ya taifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 iliwahesabu 51. Mwalimu aliuliza kwa sauti ya chini kama hao tuliowaona ni wengi au wachache. Mpwa wangu, aliyekuwa kashapiga hesabu kichwani, akamwambia kwamba huenda tumeona zaidi ya moja ya kumi ya palahala wote wa nchi. Tukanyamaza tukawatazama mpaka wakaingia msituni.

Njia ya kwenda kwenye maporomoko inaanzia mahali panapoitwa Kilima cha Ndovu. Ukisimama pale unaona mabonde ya msitu yakishuka kuelekea kusini, na siku isiyo na ukungu, bahari. Hapo alitungojea askari wa KWS, mwanamke wa makamo, mdogo kidogo kwangu, bunduki begani, buti zimekanyaga tope nyingi. Alituambia ni Mduruma wa upande wa Kinango. Tulimwamkia, akatukagua kwa macho kuanzia viatu kwenda juu, na alipofika kwa mpwa wangu akasimama.

"Hiyo fulana ya buluu huna nyingine?"

"Sina, afande."

"Basi mbung'o watakupenda leo. Buluu na nyeusi ndizo rangi zao."

Na kweli walimpenda. Mwalimu alimpa mtandio wake wa kahawia ajifunge mabegani, na kuanzia hapo akapata nafuu. Maelezo mengine ya afande yalikuwa mafupi. Tutembee kwa mstari, yeye mbele. Tusizungumze kwa kelele. Akinyanyua mkono, tusimame. Akituambia turudi nyuma, turudi bila kuuliza na bila kukimbia. "Ndovu wa hapa wako karibu na watu," alisema, "lakini si wa kuchezewa."

Ni kama kilomita mbili, karibu zote za kuteremka. Mwanzo unapita kwenye majani marefu, jua likikupiga kichwani, udongo wa mchanga mwekundu ukiteleza chini ya raba. Mwamba wa Shimba ni wa mchanga ulioshikana, wa zamani sana, na unapoona umemomonyoka kando ya njia unaweza kuuvunja kwa vidole. Maji ya mvua hupenya ndani yake, hukaa, hutoka polepole kwenye chemchemi. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo. Kulishika mkononi ni kitu kingine. Niliokota kipande kilichokuwa kivulini, kikawa na unyevu ndani, na mvua ilikuwa haijanyesha siku kadhaa.

Kinyesi cha ndovu kilikuwa kila mahali. Mahali pamoja kilikuwa bado kibichi, na afande alikichokoa kwa ncha ya fimbo, akasikiliza upande wa bondeni kwa muda mrefu, ndipo akatupungia tuendelee. Hapo ndipo mazungumzo ya ndovu yalipoanza, kwa minong'ono, kila tulipopumzika.

Ndovu wa Shimba ni wengi kuliko nafasi yao. Mashamba yamekuja hadi kwenye ua wa umeme, na pale ua ulipolala ndovu hutoka usiku kwenda kwenye mahindi, mihogo na ndizi. Mwaka 2005 KWS iliwahamisha ndovu 150 kutoka hapa hadi Tsavo Mashariki, kazi kubwa ya malori, kreni za kuinulia na sindano za usingizi, kusudi msitu upumue na wakulima wapumue. Upande wa kaskazini, huko nyuma miaka ya tisini, familia za Kiduruma na Kidigo zilikubali kuacha kulima ardhi yao, zikaiunganisha ikawa Hifadhi ya Ndovu ya Mwaluganje, ili wanyama wapate njia na wenyewe wagawane mapato ya wageni. Huko akina mama na vijana walitengeneza hata karatasi kutokana na kinyesi cha ndovu, kwa kuwa mnyama huyu hula majani mengi na nyuzi zake hazimeng'enyeki zote. Ni mpango ninaouheshimu sana. Mtu aliyeacha shamba la babu yake kwa ajili ya ndovu ametoa kitu ambacho mgeni wa siku moja hawezi kukilipa kwa ada ya langoni.

"Shangazi yangu amewahi kupoteza shamba la mahindi usiku mmoja," afande alituambia. "Asubuhi nimevaa sare hii naenda kumpa pole. Unafikiri alinipokea vipi?"

"Alikufukuza?" mpwa wangu akauliza.

"Alinipa chai. Lakini hakunitazama."

Tulipoingia chini ya miti baridi ilishuka mara moja. Mwanga ukawa wa kijani. Juu kabisa kwenye matawi mbega walikuwa wakihama, mikia yenye ncha nyeupe ikining'inia, na kila waliporuka matawi yalitikisika na kudondosha maji ya ukungu wa alfajiri. Hondohondo walipita juu ya vichwa vyetu; mabawa yao yana mvumo mzito unaousikia kabla hujamwona ndege mwenyewe. Kando ya njia kitu kidogo cha rangi ya kutu na nyeusi kilipenya kwenye majani makavu, pua ndefu imetangulia, na afande akasema ni isanje. Vipepeo walikuwa wengi kiasi kwamba baada ya muda tuliacha kuonyeshana.

Njia ikawa ya mawe na mizizi, ya kushikilia miti ili usiteleze. Mwalimu, ambaye magoti yake yana malalamiko ya miaka, alishuka kinyumenyume sehemu mbili. Kabla ya kuyaona maporomoko tuliyasikia. Mwanzo nilidhani ni upepo, lakini majani yalikuwa yametulia. Kisha njia ikapinda, miti ikafunguka, na maji yakawa mbele yetu.

Yanaanguka mita 21 kutoka kwenye ukingo wa mwamba, kwa mkondo mwembamba unaotanuka kadiri unavyoshuka. Chini kuna kidimbwi kilichozungukwa na mawe yenye kuvu na majani mapana yanayotingishika kwa upepo wa maji yenyewe. Si maporomoko makubwa. Aliyefika Murchison kule Uganda, au Thomson kule Nyahururu, atayaona madogo. Mimi sikuwahi kuona maji yakianguka hata mita tano katika wilaya yetu, na nilisimama pale koo limenikaba. Jina yamepewa la David Sheldrick, mlinzi mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki, aliyeishika hifadhi ile kuanzia 1948 hadi 1976 na kufariki mwaka uliofuata. Alifanya kazi kubwa Tsavo, ila watu wa Shimba walikuwa wakiyajua maji haya kabla yake, na ningependa kibao cha pale juu kiwataje na wao.

Kuogelea kunaruhusiwa. Mpwa wangu hakungoja kuambiwa mara mbili: aliivua ile fulana yake ya taabu, akaingia, akapiga ukelele wa baridi uliomfanya afande acheke kwa mara ya kwanza. Alisogea hadi chini ya maji yenyewe, akainamisha kichwa, akakaa hapo. Mwalimu alitumbukiza miguu. Mimi nilichuchumaa ukingoni nikateka kwa viganja.

Maji yalikuwa maangavu. Niliona changarawe za chini, niliona majani yaliyozama, niliona vidole vya Mwalimu vikihesabika. Nikamuuliza afande kama huwa hivyo siku zote, au ni kwa sababu masika yamepita.

"Wakati wa masika huja na nguvu, huwezi kusogea hapa," alinijibu. "Lakini mvua ikikatika, siku mbili tatu yanarudi kuwa hivi hivi. Msitu unayachuja."

Hilo ndilo nililolifuata kutoka Msambweni bila kujua. Mto ninaoujua mimi hukaa mwekundu wiki nzima baada ya mvua kubwa, na siku zote nilidhani wekundu huo ni tabia yake, umezaliwa nao. Kumbe mlima hautoi maji mekundu. Wekundu tunautia sisi, huku chini, kwa kulima hadi ukingoni mwa mto, kwa kukata miti ya kingo tukachoma makaa, kwa kuchimba mchanga wa ujenzi kwenye mikondo. Ni udongo wa mashamba yetu wenyewe unaokwenda baharini.

Kupanda kurudi kulichukua muda mrefu kuliko kushuka, na jua lilikuwa limekaza. Asiyefanya mazoezi na ajue hivyo kabla. Tulipumzika mara nyingi, tukala korosho na machungwa, na maji tuliyobeba yaliisha kabla ya kufika juu. Afande alikuwa hata hajatoa jasho. Tulipoagana, Mwalimu alimuuliza swali lililokuwa likimkera tangu asubuhi: shule za Kwale huja mara ngapi? Afande akasema huja, lakini mabasi mengi anayoyaona ya shule yanatoka Mombasa na Nairobi. Mwalimu hakusema kitu. Garini alitoa daftari akaanza kuandika.

Kabla ya kutoka tulipita karibu na Marere. Chemchemi za Marere zimo ndani ya hifadhi hii, na tangu enzi za ukoloni maji yake yamekuwa yakiteremshwa kwa bomba hadi Mombasa. Mji ule una vyanzo vingine, Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye Mto Sabaki, visima vya Tiwi, lakini ukinywa maji ya bomba Mombasa huenda glasi yako imeanzia kwenye msitu huu. Halafu vipo vijiji vilivyo karibu na mlima ambavyo bado vinabeba maji kichwani. Jambo hili limezungumzwa katika mikutano mingi ya hadhara, na halijapoteza ukweli wake kwa kurudiwa. Mwenye msitu mgongoni anastahili bomba kabla ya wa mbali, na kama si kabla, basi pamoja naye.

Siku zilizofuata niliyashuka maji kama nilivyokusudia, kwa bodaboda na kwa miguu. Katikati ya safari yake, Mkurumudzi ulizuiwa kwa bwawa kwa ajili ya mgodi wa titani wa Maumba na Nguluku, mgodi uliosimamisha uzalishaji Desemba 2024. Zaidi kusini, mto Ramisi, mtoto mwingine wa mlima, unapita kwenye nchi ya miwa. Kiwanda cha zamani cha sukari cha Ramisi kilianguka miaka ya themanini na wazee wa kwetu bado huhesabu miaka kwa kukitumia, kabla ya kiwanda na baada ya kiwanda. Sehemu hizi nilizipita haraka. Zinataka makala yake.

Gazi nilikaa. Pale mto unapokutana na bahari ipo mikoko, na chini ya mizizi ya mikoko wapo kaa, kamba na samaki wadogo ambao baadaye huwa kitoweo cha Msambweni nzima. Mikoko huvumilia chumvi ya bahari, lakini hustawi ikipata vilevile maji baridi ya mlimani. Udongo ukizidi, mizizi yake ya kupumulia huzikwa na mti hufa ukiwa umesimama. Watu wa Gazi na Makongeni wanaielewa hesabu hii kuliko wengi. Tangu 2013 wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa humo, mradi wa kwanza wa aina yake duniani kwa mikoko, na fedha zake zimeingia kwenye maji ya kijiji na kwenye shule. Akina mama wa Gazi nao wana njia yao ya mbao inayopita juu ya tope katikati ya miti, na kwa malipo kidogo watakutembeza na kukupikia. Nilimweleza mmoja wao kwamba nimetoka kwenye maporomoko ya Shimba. Aliniuliza maji ni mengi mwaka huu? Aliuliza kwa makini, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa wa nyumbani.

Msitu wa mwisho ulikuwa Kaya Kinondo, karibu na fukwe za Diani kusini. Ni hekta 30 hivi tu, juu ya mwamba wa matumbawe, hoteli hapa na nyumba za likizo pale. Kabla ya kuingia, mwongozaji alitufunga kaniki kiunoni na kutusomea masharti: hakuna kuokota hata jani, hakuna kupeana mabusu, hakuna kelele, hakuna kupiga picha mahali pa kuombea. Mti ulioanguka unaachwa uoze palepale. Kaya ni makazi ya kale ya Wamijikenda, na makaburi ya wahenga yamo ndani. Serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO iliiingiza baadhi ya misitu hii mitakatifu, Kinondo ikiwemo, katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini Kinondo haikusubiri tangazo lolote. Wazee wa Kidigo waliilinda kwa miiko kwa vizazi, bila ua wa umeme na bila bunduki, wakati ardhi yote ya pwani iliyoizunguka ikiuzwa. Ukitoka humo ukaona ukuta mrefu wa kiwanja cha mtu futi chache kutoka kwenye mti wa miaka mingi, utaelewa ni nini wazee hao wamekishikilia.

Nimezungumza na watu wengi wa kwetu tangu nirudi, na ninakutana na imani moja: kwamba msitu ni wa serikali, ndovu ni wa KWS, na maporomoko ni ya watalii. Imani hiyo inatudhuru. Anayeona msitu ni wa mwingine hatajali ukikatwa, na mto wake ukikauka atalaumu mvua. Ninawaomba walimu wakuu wa Matuga, Msambweni, Lunga Lunga na Kinango watenge siku moja ya mwaka wawapeleke watoto Kilima cha Ndovu, wawateremshe hadi kwenye maji, na mwezi uleule wawapeleke Gazi wakaone yanakoishia. Ninaiomba serikali ya kaunti itoe mabasi. Mwalimu ameshaandika barua yake. Shule yake ina watoto zaidi ya mia tano na mpaka sasa amepata nafasi za darasa moja.

Nawe msomaji ukitaka kwenda, matembezi ya kuongozwa huanza saa nne asubuhi na saa nane mchana. Lipia mapema kwa simu, chukua kitambulisho, vaa raba zenye meno, beba maji zaidi ya unavyodhani utahitaji, na nguo ya buluu iache nyumbani. Kama kwenye gari lenu kuna nafasi moja, mchukueni mama wa Kombani.